Shibiri Mbili za Gunnvor

Tarald Moen alitembea na kijiti mfukoni siku zote, hata kanisani. Kilikuwa kijiti cha mreteni, kimechongwa kikawa laini kama mpini wa kisu cha zamani, na urefu wake ulikuwa shibiri mbili kamili za mkewe. Kwa kijiti hicho watu wa bonde la mto Grima walimpachika jina la Rula. Walimwita hivyo akiwa ameshawapa mgongo, maana alikuwa na mabega ya mtu aliyesukuma magogo mtoni miaka ishirini na mitatu, na hasira zake zilikuwa za karibu.

"Huyo Rula," walisema, "hata soseji hupima kabla hajala."

Haikuwa kweli. Lakini samaki alipima, na hakumpimia mtu kwa upendeleo. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa mto, na sheria ya mto ilikuwa fupi: trauti akiwa chini ya shibiri moja na robo, arudi akakue. Akiwa juu ya shibiri mbili, arudi pia. Wa katikati ndiye chakula.

Cha kuchekesha ni kwamba sheria yenyewe Tarald aliipinga kuliko wote ilipoletwa. Miaka kumi na minne iliyopita wenye mto walikutana kwenye ukumbi wa kijiji kwa sababu Grima ilikuwa imekauka samaki. Maji yalikuwepo tele, yakishuka baridi na safi kutoka milimani kama siku zote, ila mtu aliweza kurusha mshipi tangu asubuhi hadi jioni asiguswe hata na kidagaa. Mgeni mmoja msomi akasema samaki wakubwa warudishwe. Tarald alisimama akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kumvua samaki kisha kumrudisha ni kuchezea chakula! Mama yangu angenichapa. Kama hutaki kumla, mwache alikolala, usimsumbue."

Watu wakapiga meza kumuunga mkono. Ndipo Gunnvor, mkewe, aliyekuwa nyuma akichemsha kahawa ya mkutano, akaja mbele na aproni yake.

"Nyote hapa mna ng'ombe," alisema. "Nani kati yenu humchinja yule anayejaza ndoo?"

Mikono iliyokuwa ikipiga meza ikashuka mapajani.

"Jike mkubwa wa trauti ndiye anayetujazia mto. Ninyi mnamtia kwenye sufuria halafu mnakuja hapa kushangaa. Mnashangaa nini?"

Mmoja akauliza, mkubwa ni yupi sasa, maana kila mvuvi ana wake. Gunnvor akatandaza mkono wake juu ya meza, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho, akautandaza tena mbele yake. "Huyu," akasema. Mwenyekiti akapima kwa rula: sentimita arobaini. Ikaandikwa hivyo, lakini hakuna aliyesema sentimita. Walisema shibiri mbili za Gunnvor. Kisha wakamchagua Tarald awe mlinzi, kwa hoja kwamba mume wa mtunga sheria hana pa kuikimbia.

Faini hawakuweka. Faini hulipwa ikasahaulika. Aliyevunja sheria aliandikwa jina lake na urefu wa samaki wake, karatasi ikapigiliwa ubaoni karibu na daraja, kwenye jukwaa la mbao ambapo zamani makopo ya maziwa yaliachwa yasubiri gari. Ilikaa hapo mpaka theluji iyeyuke mwaka unaofuata. Kila aendaye dukani aliisoma. Katika miaka kumi na minne ubao uliona majina sita tu, na samaki walirudi mtoni mpaka watu wa mabonde mengine wakaanza kuja na magari yao.

Jina la sita lilikuwa la Embret Lien.

Embret na Tarald walikua pamoja, walisukuma magogo pamoja, na kuna majira ya kuchipua ambayo Tarald aliteleza katikati ya magogo yanayokwenda na maji, akazama, na mkono uliomshika ukosi na kumvuta juu ulikuwa wa Embret. Deni la namna hiyo halilipiki, na watu wenye akili hawajaribu kulilipa. Wao walikunywa kahawa pamoja kila Jumamosi, basi.

Miaka mitatu iliyopita, mwezi wa nane, Tarald alimkuta Embret kwenye kona ya mto iitwayo Kiwiko, amepiga magoti majini, trauti kwenye wavu wake wa mkono. Nzi wa manyoya, chambo kinachofungwa kwa nyuzi juu ya ndoana, alikuwa amemezwa mpaka ndani. Damu ilikuwa ikitoka kwenye matamvua ya samaki na kuchora uzi mwekundu majini.

"Huyu atakufa tu, Tarald. Tazama mwenyewe."

Tarald alitazama. Kisha akatoa kijiti. Samaki alikizidi kwa vidole viwili.

"Rudisha."

"Nirudishe maiti?"

"Sheria haisemi kitu juu ya damu."

"Sheria haisemi, lakini wewe una macho!"

"Rudisha, Embret."

Embret alimtia samaki kwenye mfuko wake wa turubai, akapanda ukingo. Jioni ile Tarald aliandika jina. Kesho yake Embret akaja ubaoni mbele ya watu waliokuwa wakitoka dukani, akasema, "Andika basi na damu. Waambie ulichokiona." Na Tarald akajibu, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie, "Damu sikuiona."

Alikuwa na hoja zake. Ukiifungulia damu mlango, alijiambia, kesho samaki wote wa Grima watatokwa na damu. Hoja ilikuwa nzuri na ilimtosha mchana. Lakini Jumamosi zilikuja bila Embret, na birika la kahawa lilikuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Kisha likawa kubwa kwa mtu mmoja. Gunnvor alianza kusahau. Mwanzoni alisahau mambo madogo madogo, akacheka mwenyewe. Baadaye akasahau njia ya kutoka zizini hadi jikoni, na asubuhi moja ya baridi kali Tarald alimkuta ukingoni mwa mto bila viatu, akitafuta mahali pa kuvukia kwenda kwa mama yake aliyekwisha kufa. Wakampeleka nyumba ya wazee, kule kwenye kanisa, mwendo wa robo saa kwa gari. Tarald alikwenda kila siku saa sita mchana. Gunnvor alimpokea kwa heshima, akimdhani tarishi wa posta.

"Posta, leo umechelewa."

"Barabara mbaya, mama," alijibu Tarald. Alikuwa amejifunza. Siku za kwanza alibishana naye, akamwambia mimi mumeo, na Gunnvor alilia kwa hofu ya mwanamume asiyemjua anayedai kulala kwake. Ikawa afadhali kuwa posta.

Kitu kimoja tu hakikusahauliwa na vidole vyake. Gunnvor alikuwa mfungaji bora wa nzi wa manyoya katika bonde zima. Mikono mikubwa vile, lakini nzi wake walikaa juu ya maji kana kwamba wametua wenyewe. Sasa alichomoa nyuzi kwenye blanketi na kuzifunga, mzunguko, mzunguko, kitanzi, kwenye ndoana isiyokuwepo.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa aliacha kula.

Muuguzi wake alikuwa Jorunn, binti wa hapohapo bondeni, mwenye mikono myepesi na mdomo usiojua kuzungukazunguka. Alimsubiri Tarald mlangoni.

"Mzee, nisikufiche. Mama hali. Uji anatema, supu anageuza uso. Daktari kasema tusimlazimishe, mwili ukikataa umekataa."

"Mpaka lini?"

"Wiki mbili, labda tatu. Lakini jana alisema neno. Nilimuuliza, mama, unatamani nini? Akaniambia trauti."

Tarald alienda moja kwa moja dukani, akanunua samaki wa kufugwa, akamkaanga kwa siagi. Gunnvor alitafuna mara mbili, akatema kwenye kiganja. "Huyu hajapata kuona mto," alisema. Siku iliyofuata Tarald alitoa wawili waliobaki kwenye jokofu tangu mwezi wa sita. Gunnvor hakufungua hata mdomo. Basi akabaki na mto wenyewe, na siku nne za msimu. Tarehe kumi na tano mwezi wa tisa uvuvi hufungwa, kwa sababu trauti hupanda kwenda kutaga.

Samaki mmoja halali, wa katikati ya kijiti. Ndiye aliyekuwa akimtafuta. Katika maisha yake alikwisha kuvua maelfu ya hao, wakati mwingine bila hata kukusudia.

Siku ya kwanza alipata watoto watupu, urefu wa mpini wa kisu, akawarudisha mmoja mmoja huku akiwatukana kwa upole. Siku ya pili upepo ulitoka kaskazini, ukamrudishia mshipi usoni kila alipourusha. Siku ya tatu mvua iliyochanganyika na theluji. Alisimama majini mpaka mapajani tangu asubuhi, akirusha dhidi ya mkondo na kumwacha nzi ashuke peke yake, akimvuta na kumrusha tena, mpaka miguu ikawa si yake. Alipata mmoja, mzuri, akatoa kijiti kwa furaha. Alipungukiwa na upana wa kidole gumba kufikia shibiri moja na robo. Tarald alimtazama samaki, akatazama nyuma yake njiani. Hapakuwa na mtu. Akamrudisha. Njiani kwenda nyumbani alijisifu kidogo kwa hilo, Mungu amsamehe, na mkewe akiwa siku ya tisa bila chakula.

Asubuhi ya siku ya nne barafu iliziba vipete vya ufito wake wa kuvulia, vile vinavyopitisha mshipi, akawa anaitoa kwa kuipulizia pumzi. Hakuna samaki aliyejitokeza mpaka saa nane na nusu mchana, jua lilipochungulia. Hapo wadudu wadogo wa kijivu wakaanza kutoka majini, wakielea na mabawa yao wima, na pale Kiwiko, chini ya ukingo wa pili, kando ya gogo lililozama tangu enzi za kusukuma magogo, Tarald aliona duara. Dogo. Kama tone la mvua. Kisha tena, mahali palepale.

Mtoto wa shule wa Grima anajua kwamba trauti mdogo huruka na kupiga kelele, na mkubwa hunywa kwa adabu. Tarald alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini siku ile alijiambia, huyo ni wa katikati. Alijiambia mara mbili.

Alifungua kisanduku chake. Nzi wa Gunnvor walikuwa wamebaki watatu, mwili wa sufu nyekundu ya sweta lake la zamani, bawa la unyoya wa kware wa theluji. Akamfunga mmoja, akasogea hatua tatu, akarusha. Nzi alitua juu kidogo ya gogo, akaja na maji, akaja, na pua ikatokea ikamfunika bila kurusha hata tone.

Tarald akainua ufito, na papo hapo mkono wake ukajua kilichoko upande wa pili. Samaki hakuruka. Alikwenda chini na kutulia kama mtu aliyeshika ukingo wa mlango, kisha akaondoka na mkondo, na kigurudumu cha mshipi kikapiga kelele. Ilichukua robo saa. Mzee alimfuata chini akijikwaa kwenye mawe, akamgeuza kwenye maji tulivu, na hatimaye akamtelezesha wavuni. Akalaza kijiti ubavuni mwake. Kijiti kiliishia kwenye kiuno cha mkia, na samaki aliendelea.

Alikuwa jike. Ubavu wa dhahabu, madoa meusi na mekundu yenye ukingo mweupe, na tumbo limejaa. Ndoana ilikuwa imeshika pembeni mwa mdomo kwenye ngozi tu. Hapakuwa na tone la damu.

Tarald alifanya kama alivyofundisha watu wasiohesabika. Alimtoa ndoana, akamwelekeza uso kwenye mkondo, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine kwenye mkia, akamngoja apate nguvu. Matamvua yakafunguka, yakafunga. Nguvu zikarudi, alizisikia zikirudi kiganjani. Ilibaki tu kufungua vidole. Kila samaki mkubwa aliyemshika katika miaka kumi na minne alimfungulia vidole, na kila mara alijisikia mtu mwema kwa siku nzima.

Vidole havikufunguka. Alivitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima, wadudu wamekwisha, na kesho mto umefungwa mpaka mwezi wa sita, na Gunnvor hakuwa na mwezi wa sita. Tarald alilia kwa sauti, mtu mzima, majini. Kisha akamleta samaki ukingoni na kumpiga kichwani mara moja. Alimpiga kwa kile kijiti cha mreteni, kwa kuwa hakuwa na kingine mkononi.

Nyumbani alimpasua kwenye beseni. Mayai yakamwagika, yakajaza kiganja na kingine, ya rangi ya machungwa. Mto mzima wa miaka mitano mbele ulikuwa humo. Hakuweza kuyatupa wala kuyatia chumvi. Aliyachukua akayarudisha mtoni, ingawa alijua vizuri kwamba bila dume hayo ni chakula cha ndege tu.

Halafu akafanya jambo ambalo katika bonde lile hufanywa na mtu wa aina moja. Pale kwao trauti hukaangwa mzima, kichwa na mkia, na kichwa hupewa mgeni. Tarald alikata kichwa. Akakata na mkia. Aliyebaki alitosha kwenye sufuria, na mtu asiyejua angemdhani wa halali. Jikoni mwa nyumba ya wazee kulikuwa na macho ya watu wa Grima.

Kesho yake saa sita alimkaanga hukohuko kwa siagi, akamwagia krimu chachu mpaka ikachemka ikawa mchuzi, akaweka viazi viwili. Jorunn alipita, akatazama sufuria, akamtazama mzee. Alimfungulia mlango tu.

"Posta," alisema Gunnvor kitandani. Sauti ilikuwa imebaki kama ya karatasi. "Umeleta nini?"

"Chakula, mama."

Akaweka sahani kwenye meza ya kitanda. Harufu ikamfikia Gunnvor, na pua yake ikasogea. Hakuchukua uma. Alitoa mkono chini ya blanketi, ule mkono mkubwa uliobaki mifupa, akautandaza juu ya samaki, kidole gumba penye shingo iliyokatwa. Akautandaza tena. Krimu ilimchafua vidole, hakujali.

"Shibiri moja na robo tatu," alisema. "Kichwa kiko wapi?"

"Nimekitupa."

"Na mkia?"

Tarald alisogeza viazi upande wa pili wa sahani.

"Nani anakata kichwa cha trauti?" aliuliza Gunnvor, na kabla hajajibiwa akajijibu. "Mwizi." Akainua macho. Yalikuwa macho yake, yale ya kwenye ukumbi wa kijiji, na yalikuwa yanamtazama yeye. "Tarald. Umevunja sheria yangu."

Tangu Krismasi hakuwa amelitamka jina hilo. Tarald alitafuta kiti, akakaa vibaya, nusu nje.

"Nimevunja."

"Jike?"

"Jike."

"Na mayai?"

"Tele, Gunnvor. Viganja viwili."

Gunnvor alitazama sahani. Tarald alijua kwamba sasa ataisukuma, na kwamba atakuwa amestahili, na samaki yule atakuwa amekufa bure.

"Mpumbavu wee," alisema Gunnvor hatimaye. "Maisha yote mpumbavu. Haya, ameshakufa, tusimuue mara mbili. Leta uma."

Alikula. Polepole, akitafuta miiba kwa ulimi kama zamani, akiiweka kwenye ukingo wa sahani imepangwa vizuri. Alikula ubavu mmoja, akapumzika, akala wa pili. Kisha akasema krimu ni kidogo, na viazi vimeiva mno, na ngozi je, unamwachia nani? Akala ngozi. Tarald alimtazama tu. Alikuwa na furaha na aibu kwa kiasi kilekile, na hakujaribu kuzitenganisha.

"Umeshaandika?" aliuliza Gunnvor akifuta vidole.

"Bado."

"Kaandike leo. Na usiweke sababu. Ukianza na sababu ubao hautatosha."

"Sitaweka."

"Embret hajambo? Mbona haji siku hizi?"

Tarald alikusanya miiba ukingoni mwa sahani. "Nitamuuliza," alisema.

Gunnvor aliegemea mto akafumba macho. Tarald alimshika mkono mpaka usingizi ukamchukua, na alipoinuka kwenda, ubao wa sakafu ukalia, naye akaamka.

"Posta," alisema, "funga mlango, kuna baridi."

"Nitafunga, mama."

Pale darajani hapakuwa na mtu. Tarald alitoa karatasi mfukoni, akaiweka juu ya jukwaa la maziwa na kuandika kwa penseli nene: *Tarald Moen, mlinzi. Trauti jike, sentimita arobaini na saba. Mzima, bila damu.* Akapigilia msumari kwa jiwe. Akarudi hatua mbili kuona kama imekaa sawa, maana hata siku ile alikuwa Rula.

"Imepinda kushoto."

Embret alikuwa amesimama nyuma yake na baiskeli, pakiti ya kahawa imefungwa kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa neno la kwanza katika miaka mitatu. Alisogea akasoma, midomo ikitembea.

"Arobaini na saba," alisema. "Bila damu."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa na damu."

"Ndiyo."

"Sheria ni msumeno, Tarald, ulikuwa unatuambia hivyo. Unakata mbele na nyuma. Sasa umekukata, unasikiaje?"

"Unauma."

Embret alingoja, labda akitarajia ubishi aliokuwa amejiandaa nao kwa misimu mitatu ya baridi. Haukuja. Akasoma karatasi tena.

"Sababu hukuandika."

"Hapa haiandikwi sababu. Yako sikuiandika."

Maji yalipita chini ya daraja. Embret alitazama njia ya kwenda kanisani, kisha sahani yenye mafuta iliyofungwa kwa kitambaa chini ya kwapa la Tarald, na uso wake ukabadilika.

"Alikula?"

"Mpaka ngozi," alisema Tarald. "Akaniita jina. Akakuulizia wewe."

Embret alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Halafu Tarald alichukua penseli, akainama kwenye ubao, na chini ya jina lake mwenyewe akaandika kwa herufi zilezile nene: *Embret Lien, miaka mitatu iliyopita, Kiwiko, Jumatano. Samaki wake alikuwa akitokwa na damu kwenye matamvua. Niliiona.*

Embret alitoa miwani kwenye mfuko wa koti. Alisoma mstari ule mara moja, akaifuta miwani kwa mkono wa shati, akausoma tena.

"Siku umekosea," alisema. "Ilikuwa Jumanne."

Tarald alikata Jumatano, akaandika Jumanne.